Watu wa Mukha Waliilinda Buni, Wala Haikulindika



Barua nyingi tulizozipokea tangu msimu uliopita kwisha zataka jambo moja tu. Zataka Chama kitoe fedha katika mfuko wake kuweka walinzi bandarini na katika madiko yote, wazuie miche na mbegu za mikarafuu zisipakiwe vyomboni kwenda bara. Walioziandika si watu wa mzaha. Wengi wao wana mashamba waliyoyarithi kwa baba na babu, na wakisikia kwamba Tanga na Morogoro nako karafuu zaanikwa, huona uchungu kama mtu aliyevunjiwa nyumba usiku. Shauri lao litaletwa mbele ya Mkutano Mkuu. Litaletwa pamoja na shauri la Kamati, ambalo lataka fedha hizo hizo zijenge sakafu za kuanikia na kitalu cha miche. Mfuko ni mmoja, wala hautoshi kwa yote mawili.

Sisi twaona kuweka walinzi ni kutupa fedha baharini. Lakini hatupendi kuwajibu wazee wetu kwa kauli moja tu ya "haifai". Njia hiyo waitakayo imekwisha kujaribiwa na watu wenye nguvu kuliko sisi, kwa zao ambalo sote twalijua, nalo ni buni, ambayo kila jioni twainywa barazani. Khabari zake ni ndefu, na nyingine ni za kuchekesha, na twawaomba wanachama wastahimili wazisome zote kabla ya kunyosha mkono mkutanoni.

Mbuni kwao ni Ethiopia, au Uhabeshi kama walivyopaita wazee, katika misitu ya milimani upande wa kusini-magharibi, huko Kaffa na jirani zake. Mpaka leo miti hiyo yaota huko yenyewe chini ya kivuli cha miti mikubwa, bila ya kupandwa na mtu. Kila mmoja wetu amepata kusikia hadithi ya mchunga mbuzi aliyewaona mbuzi wake wakirukaruka usiku kucha baada ya kula matunda mekundu. Ni hadithi nzuri ya kumwambia mtoto, lakini ilichapwa kwanza mjini Roma mwaka 1671, na wakati huo kahawa ilikuwa imekwisha kunywewa kwa miaka mia mbili na zaidi. Khabari za kutegemewa zatoka ng'ambo ya Bahari ya Shamu, katika Yemen, ambako katikati ya karne ya 15 mashekhe wa tarika walikuwa wakiinywa ili wapate kukesha katika dhikri. Abdulqadir al-Jaziri, aliyeandika kitabu juu ya kahawa yapata mwaka 1558, aeleza namna watu wa Yemen waliokuwa wakikaa Cairo walivyoitia katika chombo kikubwa cha udongo mwekundu, mkubwa wao akaichota kidogo kidogo na kuipitisha kuanzia kulia, huku wakisoma. Aliyepata kukaa katika dhikri za mashamba yetu hana haja ya kuelezwa zaidi. Na lugha yetu imeihifadhi khabari hiyo, kwani punje twaiita buni na kinywaji chake kahawa, kama Waarabu wasemavyo bunn na qahwa. Neno hilo qahwa, katika mashairi ya Waarabu wa kale, lilikuwa moja katika majina ya mvinyo.

Huenda jina hilo nalo likawatia watu wasiwasi. Mwaka 1511 mjini Makka, Khair Beg, aliyekuwa msimamizi wa mji na masoko kwa niaba ya dola ya Misri, aliwakuta watu usiku karibu na Msikiti wakinywa kahawa kwa mwanga wa taa. Akawakusanya maulamaa, akaita na matabibu wawili washuhudie kwamba kinywaji hicho chadhuru mwili, na kahawa ikapigwa marufuku na buni ikachomwa moto njiani. Khabari ilipofika Cairo, jibu la Sultani likakataza mikusanyiko mibaya tu, wala si kinywaji chenyewe, na mwaka uliofuata Khair Beg akaondolewa katika kazi yake. Baada ya hapo kahawa ikaenda mbio. Yapata mwaka 1554 watu wawili, mmoja wa Halab na mmoja wa Damascus, walifungua nyumba za kahawa Istanbul, na mwaka 1652 ya kwanza ikafunguliwa London.

Basi fikirini neema waliyokuwa nayo watu wa Yemen. Dunia nzima yaitaka kahawa, na karibu kila punje inayouzwa yatoka katika milima yao, katika mashamba yaliyokatwa ngazi kwa ngazi juu ya majabali. Iliteremshwa kwa ngamia mpaka soko la Bayt al-Faqih, kisha ikapakiwa katika bandari za pwani, na iliyokuwa mashuhuri kuliko zote ni Mukha, ambayo Wazungu waliiandika Mocha. Waingereza, Waholanzi na Wafaransa wote walikuwa na nyumba zao za biashara hapo. Mwenye kitu cha peke yake duniani hana budi kukionea wivu, na yasimuliwa kwamba ilikatazwa kabisa kutoa mche au mbegu hai katika nchi, na kwamba buni ilichemshwa au kuunguzwa kidogo kabla ya kuuzwa ili isiote ikipandwa. Hilo ndilo shauri la walinzi, ndugu zetu, tena lenye dola nyuma yake.

Tazameni sasa mbegu ilivyotoka. Watu wa kusini ya Bara Hindi husimulia kwamba alhaji mmoja, Baba Budan, alirudi kutoka Hija katika karne ya 17 na punje saba alizozificha mwilini, akazipanda katika milima ya Chikmagalur, na milima hiyo yaitwa kwa jina lake mpaka leo. Iwe punje zilikuwa saba au sabini, mibuni ilikuwako Bara Hindi, na mwaka 1696 Waholanzi walichukua miche kutoka pwani ya Malabar wakaipeleka Java. Mafuriko yakaiua. Mtu mwingine angelikata tamaa, lakini wao walileta mingine mwaka 1699, nayo ikashika. Mwaka 1706 mbuni mmoja wa Java ulipelekwa Amsterdam ukatunzwa katika nyumba ya vioo, maana baridi ya huko ingeliuua.

Mbuni huo ulizaa matunda, na kizazi chake kimejaa Amerika. Mwaka 1714 wakubwa wa mji wa Amsterdam walimpelekea mfalme wa Ufaransa, Louis wa kumi na nne, mti mmoja wa uzao wake uwe tunu. Hakuna aliyeiba, mti ulitolewa kwa heshima na kupokewa kwa heshima. Mwaka 1723 afisa wa Kifaransa, Gabriel de Clieu, alichukua mche wa ukoo huo akasafiri nao kwenda kisiwa cha Martinique. Maji yalipopungua chomboni na kila mtu akapimiwa kidogo, yeye, kwa maneno yake mwenyewe, aligawana na mche wake yale aliyopewa. Na mwaka 1727 Mreno wa Brazil, Francisco de Melo Palheta, alikwenda Guiana ya Wafaransa kwa kazi ya serikali. Mbegu za buni zilikuwa zimekatazwa kutolewa huko, na yasimuliwa kwamba alipokuwa akiaga, mke wa gavana alimpa shada la maua na ndani yake mmefichwa mbegu. Shada hilo tusilichukulie kuwa ni hakika, lakini kwamba buni ilifika Brazil kwa mkono wake ni hakika, na leo Brazil yalima kahawa nyingi kuliko nchi yo yote duniani.

Sisi twauliza mlinzi gani angeliyazuia yote hayo. Mmoja alitoka na mbegu katika safari ya ibada, mwingine akapewa tunu kwa mfalme, na wa tatu alikuja kwa kazi ya serikali akaondoka akiagwa. Nasi hapa tuna hori na mikoko pande zote za kisiwa, na kila diko lina mashua zake. Mche mmoja waweza kukaa ndani ya kopo la maziwa. Mbegu kumi zakaa mfukoni mwa kanzu. Na mlinzi naye ana watoto na ana njaa.

Hatupendi msomaji afikiri kwamba kuenea huko kwa kahawa kulikuwa safari za mabaharia na maua tu. Walioilima katika visiwa vya Amerika na katika Brazil walikuwa watumwa waliochukuliwa Afrika. Katika mwaka 1789 koloni la Wafaransa la Saint-Domingue peke yake lilitoa kiasi cha nusu ya kahawa ya dunia, na mwaka 1791 watumwa wakaondoka dhidi ya mabwana zao, na baada ya vita vya miaka mingi wakasimamisha nchi yao, Haiti, mwaka 1804. Brazil haikufuta utumwa mpaka mwaka 1888. Tusiisome khabari hii kama ya watu wengine. Mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba yalipandwa na kuchumwa kwa mikono ya namna hiyo hiyo, mpaka amri ya mwaka 1897. Anayesema "mikarafuu ni mali ya babu zetu" na akumbuke kwamba babu za baadhi yetu hawakulipwa kitu kwa kuipanda.

Na hapa twafika mahali ambapo khabari ya buni yakutana na ya karafuu. Waholanzi wale wale walioitoa buni katika mikono ya watu wa Mukha, wakati huo huo walikuwa wanailinda karafuu isiwatoke wao. Mkarafuu kwao ni visiwa vya Maluku, katika nchi iitwayo leo Indonesia. Mwaka 1652 Waholanzi walipatana na Sultani wa Ternate kwamba mikarafuu yake ikatwe yote, na yeye alipwe fedha kila mwaka, ili karafuu zilimwe Ambon na jirani zake tu, mahali walipoweza kupaangalia wao. Walikwenda na makundi ya mitumbwi ya vita kisiwa kwa kisiwa wakikata na kuchoma. Ama ulinzi, huo ndio ulinzi! Wenye mashamba waliona miti yao ikiangushwa mbele ya macho yao, na waliokataa walipigwa vita. Lakini mwaka 1770 watu waliotumwa na Mfaransa Pierre Poivre walipata miche na mbegu kutoka visiwa hivyo wakazifikisha Mauritius. Kutoka huko zikafika Bourbon, kisiwa kiitwacho leo Réunion, ambako Wafaransa walikuwa wamekwisha kupanda buni waliyoitoa Mukha tangu mwaka 1715. Na katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19 mikarafuu ikaletwa Unguja kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa, na anayetajwa kuileta ni Mwarabu wa Oman, Saleh bin Haramil al-Abray. Kama walinzi wa Maluku wangelifaulu, mashamba yetu leo yangelikuwa minazi na mihogo, na Chama hiki kisingelikuwako.

Baadhi ya wanachama watasema: "Vema, tumesikia mbegu hailindiki. Lakini si kweli kwamba Mukha iliumia?" Ni kweli, iliumia sana. Kahawa ya kwanza ya Java ilipouzwa Amsterdam mwaka 1711, Yemen bado ilikuwa ndiyo mama wa soko. Karne ile haikwisha kabla ya bei kuanza kuwekwa na wengine. Bandari ya Mukha ikapungukiwa na vyombo, na baada ya Waingereza kuichukua Aden mwaka 1839 biashara ikahamia huko. Kilichobaki ni jina, na hata jina hawakuliweka mikononi, kwani leo mtu akienda katika mikahawa ya Ulaya akaomba "mocha", huletewa kahawa iliyotiwa chokoleti, na huenda haina punje moja ya Yemen. Mashamba mengi yaliyokuwa ya mibuni yakapandwa mirungi.

Ila buni ya Yemen yenyewe haikuwa mbaya, wala si mbaya leo. Wajuzi huinunua kwa bei kubwa. Kosa tunaloliona sisi ni kwamba juhudi ilikwenda katika kuificha mbegu, na jina lenyewe, ambalo lilikuwa mali kubwa kuliko mbegu, likaachwa bila mwenyewe, kila mfanya biashara akalibandika juu ya gunia lo lote alilotaka.

Jamaica walifanya vingine. Buni yao ilikuwa mashuhuri, kisha ikaharibika kwa kuchumwa na kukaushwa ovyo, na katika miaka ya 1940 wanunuzi wa Kanada wakaikataa. Hawakulaumu jirani aliyepanda buni. Walitunga sheria mwaka 1948, wakaweka baraza la kusimamia zao, na kahawa ya milima ya Blue Mountain ikawa haitoki nchini mpaka ipimwe, ionjwe na ithibitishwe, nayo ikatiwa katika mapipa ya mbao ili ijulikane kwa macho. Ethiopia nao, mwaka 2005, waliomba Marekani majina ya Yirgacheffe, Harar na Sidamo yaandikishwe kuwa mali yao. Kampuni kubwa ya kahawa ya Starbucks ilibishana nao, na mwaka 2007 ikafanya nao mapatano juu ya majina hayo. Buni ya Ethiopia imetoka duniani zamani, haiwezi kurudishwa. Jina limerudi kwao.

Sasa tujitazame. Hatukushushwa bei na Tanga wala Morogoro. Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, kwa sigara zao wanazozitia karafuu, na katika miaka ya 1970 na 1980 walipanda mikarafuu yao wenyewe mpaka wakajitosheleza, na sote twakumbuka, au tumesimuliwa na wazazi, namna bei ilivyoanguka. Hata huko hakuna aliyetuibia. Mti umerudi kwao ulikotoka. Leo Indonesia ndiyo yalima karafuu nyingi kuliko wote, na Madagascar yauza nje nyingi. Kwa wingi hatuwezi kushindana nao tena. Kwa usafi na harufu twaweza, na bado wapo wanunuzi wanaoitafuta karafuu ya visiwa hivi kwa jina lake.

Lakini jina hilo twalichezea. Tuseme wazi yale tunayoyaona yakipita mbele ya mizani. Karafuu zimechanganywa na makonyo yasiyochambuliwa vizuri. Zimo zilizopea mtini mpaka zikafungua maua. Zimo zilizorundikwa mbichi usiku kucha zikapata joto, zikapoteza rangi na mafuta. Zimo zilizoanikwa juu ya lami ya barabara, magari yakipita, na mwenye pua azisikia. Na wapo wachache, hatutawataja, wanaozinyunyizia maji ili zizidi uzito. Karafuu nzuri yataka jua la siku nne au tano juu ya jamvi safi, na mtu wa kuianua mvua ikitishia. Maskini mwenye miti kumi na jamvi moja hana mahali pa kufanya hivyo katika msimu wa kuchuma, ndiyo maana aenda barabarani. Sakafu ya pamoja, iliyojengwa na Chama karibu na mashamba, yenye banda la kukimbilia mvua, yamwondolea sababu hiyo.

Ama kitalu, nacho buni yatufunza. Mwaka 1869 Ceylon, iitwayo leo Sri Lanka, iliingiwa na kutu ya majani, ugonjwa wa ukungu uendao kwa upepo. Kisiwa hicho kilikuwa katika walimaji wakubwa wa kahawa duniani, na mibuni yake yote ilikuwa ya ukoo mmoja. Katika muda wa miaka ishirini hivi zao likafa, na wenye mashamba wakapanda chai. Mikarafuu yetu nayo ni ya ukoo mmoja, iliyotokana na miche michache, na mingi imezeeka. Wazee wetu waliuona ugonjwa wa mikarafuu kufa ghafla, mti mzima wakauka majani yake yangali juu. Na kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mashamba ya Unguja karibu yote, Pemba ikasalimika, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu nyingi. Mlinzi wa bandarini hana la kufanya na ukungu wala upepo. Mche uliopandwa leo hauleti karafuu ya maana mpaka baada ya miaka sita au zaidi, kwa hiyo kila mwaka tunaoupoteza kwa kubishana juu ya miche iliyokwisha kwenda, ni mwaka ambao miche yetu haikupandwa.

Twajua kwamba sakafu na kitalu havitawazuia watu wa bara kupanda mikarafuu. Hatukuahidi hivyo, wala Kamati haikuahidi. Watapanda, na wakiianika vizuri watapata bei nzuri, na hiyo ni haki yao kama ilivyokuwa haki yetu tulipoipata kutoka Bourbon. Lakini mshahara wa mlinzi hulipwa kila mwezi mpaka fedha ziishe, na zikiisha hakuna cha kuonyesha. Sakafu hujengwa mara moja.

Mashauri yote mawili yatasomwa mkutanoni kama yalivyoandikwa, na aliyetoa shauri la walinzi atapewa nafasi ya kusema kwanza. Hesabu ya mfuko itabandikwa mlangoni mwa ofisi juma moja kabla. Matawi yanayotaka sakafu ijengwe kwao yalete majina ya wanachama walio tayari kutoa kiwanja, pamoja na saini zao, ili Kamati ijue kabla ya siku ya mkutano mahali pa kwenda kupima.